Mjomba Mpya wa Mwalimu Damiano

Mume wangu akipigiwa simu na mkubwa wake, husimama. Si kwamba anatafuta mtandao. Anasimama wima, anafunga kifungo cha juu cha shati, ndipo anapokea. Mwaka huu natimiza miaka thelathini na tano katika ndoa na bado nikimwona nacheka kimoyomoyo. Siku moja mtendaji wa kata alimpigia akiwa ameinama bafuni anaoga, simu ameiweka dirishani. Nikasikia ndoo inaanguka, nikajua tayari amesimama.

Jina lake Damiano. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, na kustaafu amestaafu kwenye makaratasi tu. Hapa kwetu Magomeni, Kilosa, amening'iniza rimu ya gari barazani, na kila siku saa kumi na moja alfajiri anaigonga. Watoto wote wameshaondoka, tumebaki wawili. Mtu wa kuamshwa ni mimi, na mimi nimelala naye kitanda kimoja. Nikimwambia, "Baba Agatha, si ungenigusa tu bega?" ananiangalia kama nimemtukana.

Msinielewe vibaya. Damiano si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na sufuria zangu anazisugua mwenyewe kwa sababu anaamini mimi sizisugui kwa utaratibu. Nimeishi vizuri na mtu huyu. Ila kwake yeye kila binadamu ana daraja lake. Aliye juu anamtii bila kuuliza, aliye chini amtii yeye bila kuuliza, na asiyejulikana yuko wapi anamnyima raha. Akikutana na mgeni, kwanza anadodosa umri na kazi, ajue nani aanze kumwamkia mwenzake. Akishajua anatulia, anakuwa mcheshi, hata soda atakununulia.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa binti kama Agatha.

Agatha ni kifungua mimba wetu, ana miaka thelathini na moja, na kichwa chake kigumu kakichukua kwa baba yake chote. Alisomea mambo ya maji chuoni. Miaka mitatu iliyopita mtaa wetu ulikaa kikao cha kuchimba mtaro wa kuzuia mafuriko, na Damiano ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Akasimama akaonyesha kwa fimbo mtaro utakakopita. Agatha akanyoosha mkono, akasema kwa adabu kabisa, "Baba, ukipita huko maji yatarudi kwenye nyumba zetu." Watu wakacheka. Damiano akamwambia akae. Agatha hakukaa. Akarudia, tena safari hii akachora chini kwa kijiti, na watu wakainama kuangalia mchoro wake, wakamwacha mwenyekiti na fimbo yake.

Hapo ndipo Damiano alipolitoa lile neno. Mbele ya mtaa mzima alisema Agatha asiingie tena nyumbani kwake mpaka apige magoti mlangoni, na watu wale wale wawepo washuhudie. Agatha akamjibu, "Basi sitaingia." Akafunga begi jioni ile ile akaondoka.

Mtaro ukachimbwa alivyotaka mwenyekiti. Mvua za Machi zikaja, maji yakaingia jikoni kwangu, nikaona mwiko wangu unaelea unaelekea mlangoni. Damiano akakunja suruali akayatazama. "Watu hawakuchimba kwa kina nilichoagiza," akasema. Nilichemka siku ile, jamani, nusura nimpige na ungo.

Agatha akapata kazi Mikumi, kwenye hoteli moja ya watalii, anasimamia pampu na matangi ya maji. Akaolewa hukohuko na kijana mpole anaitwa Yared, akajifungua mtoto wa kike, Naomi. Mimi nilikwenda mara mbili kwa kisingizio cha kumwangalia mgonjwa. Damiano hakuwahi kumwona mjukuu wake hata siku moja. Kaka yangu Valentino, mjomba wa Agatha, alijaribu kuzungumza naye. Alikaribishwa chai, akasikilizwa, akajibiwa, "Shemeji, juu ya mtoto una sauti. Nyumba ni yangu." Na mimi Damiano aliniambia, "Habari hii isitoke nje ya nyumba hii. Milimani wasiisikie." Nikanyamaza. Kila nikipika nilitia unga wa mtu wa tatu, halafu nikaupunguza.

Milimani ndiko kwao, na huko ndiko alikokuwa mtu mmoja tu duniani ambaye Damiano alimwogopa, mjomba wake Mzee Emanueli. Kwetu sisi watu wa milimani mjomba ni mkubwa kuliko baba. Mzee Emanueli alikuwa na miaka tisini kasoro, hana meno, sauti yake inakwaruza, na kila Jumapili baada ya ibada alimpigia mume wangu simu. Damiano anasimama, kifungo cha juu, "Shikamoo mjomba." Mzee atauliza mvua, atauliza mahindi, atauliza kama kanisani sadaka ya mavuno amepeleka. Damiano anajibu kama mtoto anayesomewa ripoti yake ya shule. Wakimaliza anabaki amesimama kidogo na simu mkononi, akiitazama. Mimi nilidhani ni heshima tu.

Mwaka jana Mzee Emanueli akafariki. Arobaini ilipofika tukapanda milimani, tukipita Rudewa, kwa ajili ya kurithisha jina. Kwetu mjomba akifa jina lake haliachwi. Ukoo unakaa, unachagua mtu wa damu yao upande wa kina mama, anapewa jina na kigoda cha marehemu, na tangu hapo yeye ndiye mjomba kwa wote waliokuwa wapwa wa marehemu. Hata kama una mvi na yeye bado ananyoa kidevu kwa kujifunza, mjomba ni mjomba.

Damiano alijua atapewa yeye. Alipiga viatu rangi mara mbili. Na mimi nilijua hivyohivyo, na moyo wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa nikiwaza, huyu akiwa mkubwa wa ukoo mzima, nani tena atabaki juu yake wa kumwambia amrudishe mtoto? Agatha wangu ndiyo basi.

Kabla jina halijatajwa, mume wangu akaomba kusema. Akasema siku hizi ukoo umelegea, wapo vijana wanaomwamkia mjomba huku wanatafuna. Akapendekeza kuwe na sheria: atakayepewa jina leo, awe nani awaye, aamkiwe papo hapo na watu wote, atiiwe vilevile kama marehemu alivyotiiwa, na atakayeguna atoe mbuzi. Watu wakapiga makofi. Sheria ikapita.

Ndipo mzee Filipo, mkubwa wa kikao, akasema marehemu aliacha neno. Jina apewe Nickson.

Nickson ni mtoto wa Hildegarda, dada yake Damiano. Ana miaka ishirini na minane, ni fundi simu pale stendi ya Mikumi. Mpaka asubuhi ile Damiano alikuwa ndiye mjomba wake, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wake. Walipomtafuta wakamkuta nyuma ya nyumba amefungua simu ya mchungaji, spika ameibana mdomoni. Wakamleta, wakamkalisha kwenye kigoda, spika bado iko mdomoni.

Watu wote wakageuka kumtazama Damiano. Mimi sikuweza, nikatazama viatu vyake vilivyong'aa. Vikasimama. Nilipoinua macho alikuwa anafunga kifungo cha juu. Akatembea hadi mbele ya kigoda, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika uani kote, "Shikamoo mjomba."

Nickson kwa mazoea akasema, "Shikamoo mwalimu," wakaamkiana wote wawili. Hildegarda akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Hapana," Damiano akamwambia taratibu. "Wewe unaitikia."

"Marahaba, mwalimu."

"Mwalimu tena? Mimi ni mpwa wako. Niite jina."

Nickson akatema spika kiganjani. "Marahaba, Damiano," akasema, na jasho likamtoka puani.

Nilitegemea njiani mume wangu atanuna wiki nzima. Hakununa. Tulipofika Rudewa akasema, "Kijana hajui kuitikia. Nitamfundisha." Akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Nikamtazama sana. Mtu amenyimwa alichokuwa anakitaka na bado anaimba? Nikasema labda ni jua.

Basi simu za Jumapili zikaendelea, ila sasa Damiano ndiye anayepiga, maana Nickson angejificha mwaka mzima. Mume wangu anasimama, anafunga kifungo, anaweka spika ya nje ili na mimi nimwamkie mjomba. Upande wa pili unasikia muziki wa stendi na makondakta wanaita abiria wa Iringa.

"Eeh, hamjambo?" Nickson anasema.

"Hatujambo, mjomba. Hujaniuliza kama nimepalilia."

"Umepalilia?"

"Bado robo eka."

"Sawa, haina shida."

"Mjomba, shida ipo. Inabidi unikaripie. Marehemu angenikaripia."

Nickson, kwa sauti ya mtu anayekanyaga kitu asichokijua: "Damiano, palilia shamba."

"Ndiyo mjomba," anasema mume wangu, na uso unakunjuka. Jioni ile ile anachukua jembe. Nilimtazama Jumapili tatu mfululizo, na Jumapili ya tatu wazo likanijia. Nikamwambia simu yangu imekufa, chaji haiingii, nikapanda basi kwenda Mikumi.

Kibanda cha Nickson kina meza moja, kioo mbele, na waya kila mahali. Aliponiona akaruka kuniamkia, nikamzuia. "Kaa, mjomba. Mimi ndiye nimekuja kwako na shida." Nikamweleza yote, mtaro, magoti, Naomi. Agatha aliwahi kumgusia kidogo, mwisho wake hakuujua. Nikamwambia, "Mwamuru amrudishe mwanangu. Wewe peke yako ndiye unaweza."

Nickson akaweka chuma cha kulehemu chini. "Mama, huyu mtu kidato cha pili alinichapa viboko vinne kwa sababu ya soksi."

"Sasa soksi zake ziko chini yako."

"Akikataa je?"

"Damiano amkatalie mkubwa wake? Labda jua lizame mashariki, kule Dumila." Nilisema hivyo nikicheka, lakini sikuwa na uhakika. Alikuwa ameapa mbele ya mtaa, na kwake neno lililosemwa mbele ya watu ni zito. Nickson akiamuru na yeye akashindwa kutii, angeaibika mbele ya ukoo, na mlango ule ungefungwa moja kwa moja. Nickson alilijua hilo pia, kwa sababu alikaa muda mrefu anafuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

Jumapili iliyofuata simu ikapigwa kutoka Mikumi. Damiano akasimama haraka hata kiti kikaanguka.

"Damiano."

"Naam, mjomba."

"Jumamosi uje Mikumi. Uje na mke wako. Saa nne asubuhi."

"Nije na nini, mjomba?"

"Uje tu." Na simu ikakatwa, kwa woga, mimi nilijua. Damiano akanigeukia, amependezwa. "Umesikia? Ameanza kuweza."

Tulifika saa tatu na robo. Tukasimama jua linatuchoma mpaka saa nne kamili, maana kuwahi kwa mkubwa nako ni kumsumbua. Tulipoingia, Nickson alikuwa amekaa nyuma ya meza yake na shati jeupe. Pembeni yake kwenye stuli alikuwa Agatha, na Naomi mapajani kwake anatafuna kava la simu.

Damiano alisimama pale mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Nickson akasema yote kwa pumzi moja kabla ujasiri haujamkimbia: "Damiano, nakuamuru, Agatha arudi nyumbani, tena bila magoti."

Nikasubiri. Mume wangu akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, mtu ambaye hakai mbele ya mjomba bila kukaribishwa. Akaanza kulia. Sijawahi kumwona analia, hata alipozikwa mama yake.

"Asante, mjomba," akasema. "Miaka mitatu."

"Miaka mitatu nini, baba?" Agatha akauliza. Hakuwa amelainika, sauti yake ilikuwa kavu.

"Nasubiri mtu aniamuru." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lile neno nililisema mimi, na likishasemwa mbele za watu ni amri. Amri inatenguliwa na mkubwa. Aliyeitoa hawezi kuitengua mwenyewe, ataonekana hana msimamo. Kila Jumapili nilisimama na simu nikiomba Mzee Emanueli aniambie, 'Damiano, mrudishe mtoto.' Akaniuliza mahindi."

"Si hakujua," nikasema. "Ungemwambia."

"Niliona aibu. Nilidhani wewe utamwambia."

Sijui niwaelezeje hasira iliyonipanda. "Mimi? Si uliniambia isitoke nje ya nyumba?"

"Ndiyo," akasema. "Na wewe ukanitii."

Miaka mitatu nilikuwa nikimcheka anavyosimama na simu, kumbe na mimi nilikuwa nimesimama wima jikoni kwangu. Niliogopa nini hasa, kugongewa rimu? Nilikaa kwenye ukingo wa meza ya Nickson nikalia na mimi, nusu kwa uchungu na nusu kwa kujicheka. Naomi akaniangalia, akanipa lile kava alilokuwa analitafuna.

Agatha hakulia. Alimpa Nickson mtoto, akasimama mbele ya baba yake. "Kwa hiyo umekuja kwa kuamriwa. Ameniruhusu mjomba. Wewe je?"

Damiano akamtazama kama swali limeulizwa kwa lugha asiyoijua. Alitafuta neno, nikaona kweli anatafuta, halikuja. Agatha akasema, "Nitakuja Jumamosi ijayo. Kuingia au kutoingia, nitaamua nikifika."

Wiki ile Damiano hakugonga rimu. Nilichelewa kuamka siku zote. Alikuwa anakaa barazani anatazama mlango, na mara moja nilimsikia anajaribu maneno peke yake, "Karibu, mwanangu," kisha "Mwanangu, karibu," kama anapanga ipi itangulie. Roho iliniuma. Siku yenyewe nilipika unga wa watu watano bila kupunguza.

Jumamosi wakaja, Agatha na Yared na mtoto. Na majirani nao wakawa na kazi za ghafla za kufanya karibu na ua wetu. Mama mmoja alifagia sehemu ileile mpaka nikauonea huruma ufagio. Wote walikuwepo siku ya kikao, wote walitaka kuona kama magoti yatapigwa. Damiano alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja. Agatha akafika kizingitini. Akakitazama. Mimi nilikuwa ndani nimeshika chungu cha mboga na nilisahau kukitua.

Hakuingia. Akageuka, akazunguka nyumba, akasimama kwenye ule mtaro uliojaa matope, akapaza sauti.

"Baba. Huu mtaro bado mmeuacha hivihivi?"

Mama wa ufagio akaacha kufagia. Ilikuwa mbele ya watu wale wale, na kosa lilikuwa lile lile. Nilimtazama Damiano, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikujua atafanya nini.

Akasimama. Wima. Mkono ukapanda shingoni, ukakitafuta kifungo cha juu, ukakifunga. Simu haikuwa imelia, na Nickson alikuwa Mikumi. Akatembea mpaka ukingoni mwa mtaro, akasimama mbele ya binti yake, na majirani wote wakisikia akauliza, "Nianze kuchimba wapi?"

Agatha akaokota kijiti, akainama kuchora. "Hapa," akasema. "Upite huku. Lakini kwanza tule, nimenusa ugali wa mama."

Akaingia kwa mlango wa jikoni, akanipokea chungu. Baada ya kula Damiano akaenda stoo kuchukua majembe, akatoka nayo manne, moja akampa Yared na lingine mama wa ufagio.